Mama Mkwe Amenuna

Shemeji yangu Winfried Piontek hajawahi kuharakishwa na mtu yeyote. Nasema hivi nikiwa nampenda, ingawa kuna siku nilitamani kumchapa na mwiko.

Alikuwa fundi wa mashine chini ya mgodi wa makaa hapa kwetu mjini Wanne, Ujerumani, mpaka mgodi ulipofungwa. Zamu ikiisha wenzake walikimbilia lifti ya kupandia juu kama kuku waliofunguliwa banda. Yeye alibaki nyuma akifuta spana moja moja na kuzipanga. Siku ya harusi yake na dada yangu Hannelore tulimsubiri kanisani mpaka padri akakaa chini, kumbe bwana harusi amerudi nyumbani kuhakikisha kwamba amezima jiko. Ukimlalamikia alikuwa na jibu moja: kawia ufike. Mimi nami nilikuwa na langu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumerushiana hizo methali miaka na miaka juu ya sahani za soseji na saladi ya viazi, Hanne akiwa katikati anacheka.

Hanne alitaka jambo moja tu, kwenda kuyaona matumbawe ya Bahari ya Shamu kwa macho yake. Aliyaona kwenye kalenda ya duka la dawa, akaikata ile picha na kuibandika juu ya sinki la jikoni. Winfried akasema mwakani. Mwakani ulipofika paa likavuja. Mwaka uliofuata goti lake likagoma. Kisha mama yake Winfried, bibi mwenye ulimi wa kiwembe, akahamia kwao, na hakuondoka ila kwa jeneza. Picha juu ya sinki ikafifia kwa mvuke wa vyungu. Mwishowe, siku Hanne alipotimiza miaka sitini, Winfried akamjengea bahari sebuleni: tangi la kioo lenye urefu wa kochi, mawe, pampu, taa za buluu na samaki wawili wa rangi ya chungwa.

"Nimekuletea bahari," akamwambia.

"Mimi nilitaka kwenda, Winni," dada yangu akasema. "Sikusema iletwe."

Hata hivyo aliipenda. Ilikuwa vigumu kutoipenda. Winfried aliitunza kwa ule ukonokono wake, na kumbe bahari ya kwenye kioo ndiyo kazi pekee duniani inayomtaka mtu mwenye ukonokono. Chumvi ya dukani aliichanganya kwenye pipa siku moja kabla, akaiacha izunguke na pampu mpaka iyeyuke yote, akaipasha joto, akapima, akapima tena. Kipimo chake kilikuwa kama kidarubini kidogo: unadondosha tone la maji juu ya kioo chake, unachungulia kuelekea dirishani, unasoma namba ya chumvi. Namba ya bahari ni thelathini na tano. Kila Jumamosi alichungulia na kutamka "thelathini na tano" kama mtu anayesoma matokeo ya mpira, na Hanne akiwa jikoni alijibu "amina."

Aliyewaingiza kwenye chama cha wafugaji wa matumbawe ni Detlef Grabowski, aliyekuwa mpeleka barua, mtu wa tumbo kubwa na moyo mkubwa zaidi. Ndiye aliyemletea Hanne kipande cha kwanza. Kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji. Kikawekwa juu ya jiwe, kikakua, kikagawanyika vichwa na vichwa, kila kichwa na mikono yake ya kijani yenye ncha za zambarau ikipepea kwenye mkondo. Tumbawe zuri kweli. Ila chochote ulichokiweka karibu nalo lilikichoma usiku kwa mikono yake mirefu mpaka kikafa. Hanne akalitazama wiki mbili, akatangaza kwamba amelijua. "Huyu ni mama mkwe," akasema. "Amehamia tena." Winfried, ambaye hajui kumtania marehemu mama yake, aliguna tu. Jina likabaki. Lilipojikunja tuliambiana Mama Mkwe amenuna. Lilipofunguka, Mama Mkwe amechanua.

Kwenye kile chama wana desturi yao. Mtu hakai na tumbawe zuri peke yake. Anakata kichwa kimoja, anampa mwenzake, mwenzake naye anakata anampa mwingine. Si ukarimu mtupu. Tangi linaweza kufa lote kwa siku moja, umeme ukikatika au pampu ikiungua, na hapo ndipo unapokwenda kwa uliyempa ukamwomba kipande cha kitu chako mwenyewe. Ulichogawa ndicho kitakachokurudia. Detlef aliwahi kupoteza kila kitu, na kwa mwezi mmoja watu walimjazia tangi upya.

Hanne alipougua, na madaktari wakasema hakuna tena cha kufanya isipokuwa kumwondolea maumivu, aliomba arudi nyumbani. Kitanda cha hospitali kikaletwa. Ngazi za kwao ni nyembamba na chumba cha kulala kiko juu, kwa hiyo kikawekwa sebuleni, kikielekezwa kwenye tangi. Mimi nikahamia kwao na mkoba wangu. Muuguzi alikuja asubuhi na jioni. Katikati ya hapo tulikuwa watu watatu na bahari.

Wageni wakaanza kuja kuaga, ingawa hakuna aliyelitaja neno hilo. Walileta maua na supu za njegere kwenye vyungu vilivyofungwa taulo, wakakaa ukingoni mwa kiti, wakazungumza habari za hali ya hewa. Hanne hakuwa na subira na hali ya hewa. Akamwamuru Winfried amkatie kila mgeni kichwa kimoja cha Mama Mkwe. Wa chama, wasio wa chama, hata binamu yetu wa Bottrop ambaye hana hata bakuli la samaki, ikabidi Detlef amtunzie. "Wasile supu yangu ya matanga bure," akaniambia. "Waende na kitu." Nilimwambia aache maneno hayo. Akaniambia niache uoga.

Basi Winfried alikata. Kila kipande alikiosha kwenye beseni la maji ya tangi, akakitia kwenye mfuko wenye maji ya tangi, akafunga kwa mpira. Maji ya beseni akamwaga. Mgeni akaondoka na mfuko wake ndani ya koti ili usipate baridi. Siku nyingine waliondoka watano.

Kosa lilikuwa hapo, na hakuna aliyeliona. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Kwa hiyo kuna boya dogo pembeni: maji yakishuka, boya linawasha pampu na pampu inajazia maji matamu, yasiyo na chumvi, kutoka kwenye pipa la chini. Kwa mvuke ni sawa kabisa. Lakini mfuko si mvuke. Mfuko unaondoka na chumvi yake, beseni linaondoka na chumvi yake, na lile boya lisilo na akili linajazia maji matamu vilevile. Kila aliyekuja kuaga alitoka na chumvi kidogo ya Hanne, na nyumba nzima ikaona tangi limejaa mpaka kwenye mstari, tukaridhika. Winfried asingekosa jambo hilo siku zake za kawaida. Lakini tangu kitanda kiingie sebuleni alikuwa hapimi tena maji. Alikuwa anapima homa ya mke wake tu.

Asubuhi moja Hanne akasema, "Mama Mkwe amenuna." Tukacheka. Kesho yake alikuwa amenuna zaidi, mikono yote imeingia ndani, imebaki mifupa na nyama iliyosinyaa pembezoni. Siku ya tatu Winfried akakitafuta kile kidarubini chake, akakifuta, akadondosha tone, akaenda dirishani. Alisimama pale muda mrefu hata kwa desturi yake. Kisha akampigia simu Detlef.

Namba ilikuwa ishirini na saba.

Detlef alikuja na kipimo chake mwenyewe, wakapima kwa vyote viwili. Ilikuwa ileile. Mimi, ambaye sijawahi kuwa na subira wala kujidai nayo, nikauliza tatizo liko wapi. Chumvi imepungua, mfuko wa chumvi uko kwenye stoo, tia. Detlef akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Chumvi kavu haitiwi tangini kamwe, chembe ikiangukia nyama ya tumbawe inaiunguza. Na hata ukiiyeyusha kwanza, huwezi kulipandisha lote kwa mkupuo. Mwili wa tumbawe umeshazoea maji mepesi. Ukiuletea maji mazito ghafla unanyonywa maji yake kutoka ndani, unapasuka.

"Kushuka linavumilia," akasema. "Kupanda ndiko kunakoua. Namba moja kwa siku, Winfried. Usizidishe."

Namba moja kwa siku. Hata mimi najua hesabu ya kutoa. Kutoka ishirini na saba mpaka thelathini na tano ni zaidi ya juma zima, na juzi yake daktari alikuwa amenivuta ukumbini akaniambia tuhesabu siku, tusihesabu majuma. Nilimwangalia Winfried nikaona kwamba na yeye ametoa. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

Hanne alisikia yote. Kitanda kilikuwa hatua tatu kutoka pale tulipokuwa tukinong'ona kama wapumbavu.

Detlef alipoondoka, dada yangu akamwita mumewe. Akamwambia kwamba hajali Bahari ya Shamu tena, hajali paa wala goti wala mama yake. Anataka kumwona Mama Mkwe akichanua mara moja, ndipo alale. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwagiza mkate.

"Winni," akasema. "Kwa mara moja tu katika maisha yako, fanya haraka."

Winfried akaenda stoo. Nikamsikia akikoroga. Akarudi na ndoo ya maji ya chumvi, mazito, akasimama mbele ya tangi ameiinua kifuani. Nilisema moyoni, mwaga, mwanaume wewe, mwaga. Maji yakaruka kwenye zulia. Akaishusha ndoo chini.

"Siwezi, Hanne," akasema. "Nikiharakisha nitamuua mbele ya macho yako."

Nilikasirika. Sitaki kusema uongo, nilikasirika mpaka nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye kibanda cha kona bila kununua kitu. Miaka yote ile mwakani, mwakani, na sasa hata siku mbili tatu hawezi kumpunguzia kungoja. Niliporudi nilikuta ameketi kando ya kitanda, kichwa kwenye shuka, na dada yangu anamkuna upara.

"Basi polepole," alikuwa anamwambia. "Nitajitahidi kukusubiri. Si ndiyo kazi yangu?"

Winfried akaitoa pampu ya maji matamu. Akaweka pipa la maji ya chumvi yaliyokorogwa tangu jana yake, akalipandisha juu ya stuli, akashusha mrija mwembamba mpaka tangini na kuupiga fundo, ili maji yadondoke tone kwa tone. Asubuhi alichota kiasi kidogo cha maji ya zamani, na pipa likafidia taratibu mpaka jioni. Upande wa pili wa chumba ilining'inia dawa ya Hanne, nayo ikidondoka kwenye mrija wake. Hanne akasema yeye na Mama Mkwe sasa wananyweshwa kwa kipimo, na tuone nani atapona kwanza. Winfried alitoka chumbani. Mimi nilicheka, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa sisi wawili, kucheka pale pale panapouma.

Kila asubuhi alivuta pazia, akadondosha tone, akachungulia.

"Ngapi?" Hanne aliuliza.

"Ishirini na nane."

"Amina."

Kesho yake ishirini na tisa. Akapika uji wa semolina ambao Hanne hakuula. Thelathini. Mchana huo Detlef alifika akihema, amekumbatia mtungi wa kioo uliofunikwa blanketi. Alikuwa amefikiri usiku kucha, akasema, kwamba mtoto wa Mama Mkwe aliye kwake amechanua vizuri sana, na tumbawe lililokatwa kutoka tumbawe ni lilelile, basi amemleta. Akafunua blanketi kwa madaha. Mtoto, kwa kutikiswa njia nzima, alikuwa amejikunja vile vile, amekuwa kijiwe. Tukamtazama yeye, tukamtazama mama yake. Hanne alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimwinue. "Ukoo mzima umenuna," akasema. Detlef alilia akiwa anavaa koti, akijifanya anatafuta kofia.

Thelathini na moja. Siku hiyo ncha mbili tatu za zambarau zilichungulia kwenye kichwa cha pembeni, zikarudi. Hanne hakuziona, alikuwa amelala. Winfried aliniambia nisimwambie, asije akasikitika kwamba zimempita. Thelathini na mbili. Hanne hakuuliza tena ngapi, lakini Winfried aliendelea kutamka namba, na ilipobidi akasema amina yeye mwenyewe.

Alasiri ya siku iliyofuata nilikuwa jikoni nachuja mchuzi wa kuku. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Nyumba ilikuwa kimya, zinasikika pampu tu. Halafu nikasikia sauti ya dada yangu, safi, kama haikuwa ya mgonjwa.

"Winni. Amechanua."



"Ndiyo, mpenzi wangu," Winfried akasema. "Amechanua."

Niliacha kila kitu nikaenda mlangoni na mikono yangu inadondosha mchuzi. Winfried alikuwa ameketi kitandani, amekipa kioo mgongo, ameshika mikono miwili ya mkewe. Hanne alikuwa ametazama kule kwenye tangi, juu ya bega la mumewe, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nikatazama alikotazama yeye. Kisha nikarudi jikoni kimya kimya, nikamaliza kuchuja.

Alifariki kesho yake asubuhi kabla Winfried hajavuta pazia.

Tulimzika Ijumaa, kwenye mvua. Baadaye watu walikuja nyumbani kwa kahawa ya matanga na keki yenye chenga za siagi juu, kama ilivyo kwetu. Kitanda kilikuwa kimeshachukuliwa, zulia lina alama nne za magurudumu, na kila mtu alikwepa kuzikanyaga bila kuambiwa. Winfried alikuwa ameendelea kupima siku zote hizo. Mtu akiwa na fundo la mrija mkononi walau anajua la kufanya. Na katikati ya kahawa, wakati watu wameanza kusahau kidogo na kupandisha sauti, Mama Mkwe akaanza kufunguka. Kwanza vichwa vya pembeni, kisha vyote, mikono ya kijani ikitoka na kurefuka mpaka lile jiwe halikuonekana tena. Binamu wa Bottrop ndiye aliyesema kwa sauti, "Jamani, tazameni." Watu wakageuka na vikombe vyao. Mtu akasema ni Hanne huyo anatusalimu.

Winfried akainuka, akapita katikati yao bila haraka, akazima taa ya tangi.

Watu walikunywa kahawa iliyobaki, wakaondoka mapema.

Siku hizi kuna desturi mpya kwenye kile chama, na hakuna aliyeipigia kura. Ukienda kuchukua kipande kwa mtu, unakwenda na dumu lako la maji ya chumvi, yaliyokorogwa jana yake, yaliyopimwa. Unachukua mfuko, unaacha dumu. Wanayaita maji ya Hanne. Detlef ndiye aliyeanza, kisha wote, mpaka wageni kutoka Essen wasiojua Hanne ni nani.

Nami majira ya kuchipua nikaamua kufuga, uzee huu. Nilibeba dumu langu kwa basi nikaenda kwa shemeji. Alinikatia kichwa kimoja, taratibu, akiosha kisu kila mara. Tulikaa jikoni. Ile picha ya kalenda bado ipo juu ya sinki, nyeupe kabisa sasa, huwezi kujua ilikuwa ya nini. Nikamuuliza mipango yake, akasema mwakani labda atapaka rangi. Sikumjibu kwa methali yangu.

Halafu akaniambia kuna jambo anataka kuniuliza, na kwamba amelisubirisha. Akageuzageuza kikombe.

"Ile alasiri," akasema, "aliposema amechanua. Mimi sikugeuka kutazama."

"Kwa nini hukugeuka, shemeji?"

"Nilikuwa namtazama yeye. Na ningegeuka nikakuta amefunga, ningemjibu nini?" Akakiweka kikombe mezani. "Wewe ulikuja mlangoni, Traudel. Nilisikia hatua zako. Alikuwa amechanua?"

Nilimwona tena dada yangu, macho yake juu ya lile bega, na nyuma ya bega hilo jiwe wazi, mifupa mitupu, hakuna hata ncha moja iliyotoka. Hanne hakuwa na homa siku ile, wala macho yake hayakuwa na kasoro. Maisha yake yote alimsubiri mtu huyu, na mwishoni aliona hatafika, akamwambia amefika.

"Alikuwa amechanua," nikamwambia. "Vichwa vyote. Mpaka jiwe halikuonekana."

Winfried alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole. Kisha akainuka, akachukua dumu langu, akapima maji yake dirishani, akasema thelathini na tano, akaenda kuyamimina.